Mwaka wa Mgonjwa wa Gunia

Vuta kiti, wewe uliyekubali kunisikiliza, na kama una kikombe cha chai kishike, kwa sababu sitakuharakisha. Juzi tulimzika Daktari Nzioka nyumbani kwake Kanyangi. Wasemaji walisimama mmoja baada ya mwingine wakaisifu mikono yake. Mama mmoja alimsimamisha mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, akampandisha shati mbele ya umati ili tuone kovu lililonyooka kama limepigwa kwa rula. Yote yaliyosemwa yalikuwa kweli. Nimesimama karibu na wapasuaji wengi maishani na sijaona mikono kama ile. Kisha mshereheshaji akauliza kama yupo aliyefanya kazi na marehemu zamani, na watu wachache walionijua wakageuka kunitazama. Mjane akatikisa kichwa kukataa, polepole, bila kuinua macho. Mshereheshaji akaita kwaya. Nilibaki nimekaa, kofia magotini, na jirani yangu akasogeza kiti chake kidogo kama mtu aliyegundua ameketi karibu na mgonjwa wa kuambukiza. Sikumlaumu mjane. Chuki ya mume huingia nyumbani pamoja na viatu vyake, na mke huizoea. Lakini yale niliyotaka kuyasema pale yalinifuata hadi nyumbani, na wewe huenda yakakufaa zaidi kuliko wale waombolezaji, hasa kama unajifunza upasuaji, au kazi yoyote inayofanywa na watu kadhaa kuzunguka meza moja.

Ulikuwa mwaka wa ukame, katikati ya miaka ya themanini. Hospitali ilikuwa ya misheni, ndogo, upande wa kaskazini wa Kitui, kwenye barabara ya kwenda Kyuso. Jina lake naliacha, kwa sababu baadhi ya tuliofanya kazi pale bado tuko hai na tuna wajukuu. Nilikuwa daktari mchanga na nilitaka jambo moja tu, kuwa mpasuaji. Ili nipokelewe Nairobi kusomea kazi hiyo, ilinibidi nikae mwaka mzima chini ya mpasuaji mzoefu, na mwisho wa mwaka yeye aseme kwamba ninafaa. Mpasuaji wangu alikuwa Nzioka. Neno lake ndilo lililokuwa mlango, na sikujua mlango mwingine. Aliijua nguvu hiyo na alipenda kunikumbusha. Chumba cha chai kilikuwa nyuma ya chumba cha upasuaji, kimetenganishwa nacho kwa ukuta wa mbao unaopitisha kila sauti, na ndani yake mlikuwa na mabenchi mawili na kiti kimoja chenye mikono. Kiti kile hakikukaliwa na mtu mwingine hata Nzioka alipokuwa safarini. Saa nne tuliletewa chai na viazi vitamu, au muthokoi wa jana uliopashwa moto, na hapo ndipo alipofundishia. “Kilonzo, hiyo mikono ulipewa ya kushika jembe ama?” Wauguzi walicheka ndani ya vikombe. “Na nani alikwambia ufikiri? Mimi nilisema ushike.” Nilipoomba radhi alisema radhi haishoni mtu. Siku nyingine alimwambia mpishi anipunguzie muthokoi, eti tumbo likishiba kichwa hulala, na mpishi akanipunguzia kweli.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hospitali nzima iliiheshimu kama amri ya kanisa. Kabla ya kila upasuaji aliomba yeye mwenyewe, kwa sauti nzito, sisi tukiwa tumefumba macho juu ya barakoa. Akisema Amina, hakuna aliyetamka neno hadi ngozi imeshonwa, isipokuwa yeye. Mwenye kisu ndiye mwenye mdomo. Wengine walikuwa na masikio tu. Sasa wewe utaniuliza, je, mtu akiona jambo? Nami nakujibu kwamba swali hilo halikuulizwa. Tulikuwa waumini, sala ilikuwa imeshafunguliwa, na kumkatiza Nzioka kulionekana kama kusema na simu katikati ya ibada. Wageni walipofika aliwaambia, “Thieta yangu imetulia kama kanisa,” na wageni walitikisa vichwa kwa kupendezwa.

Sasa lazima nikueleze jambo la nyumbani, la sivyo hutaelewa kilichofuata. Nilikuwa nimemwoa Mwikali, na mama yake, Sista Syombua, ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, yule anayesimama mezani akimpa mpasuaji vifaa. Sisi Wakamba tuna heshima tunayoiita nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaitani majina, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha akaingia kichakani. Koo nyingi zimelegeza. Ukoo wa mke wangu haukulegeza hata uzi mmoja. Kwa hiyo mimi na Sista Syombua tulisimama pande mbili za meza moja, tumbo la mtu likiwa wazi kati yetu, na hatukuwahi kupeana neno. Nikihitaji kibano, na Nzioka akiwa ameniruhusu, nilisema “kibano” nikiutazama ukuta, na kibano kilitua kwenye trei kando yangu, si mkononi. Watu walituona kuwa watoto wa nyumba nzuri. Hata mimi nilijivunia. Usidhani nimekuja kuicheka nthoni. Imezuia ugomvi mwingi katika maboma mengi. Ila boma halina mtu anayevuja damu mezani.

Mvua zilipokosa kuja kwa mara ya pili akaja Daktari Mutheu. Alikuwa mwanamke wa Kathonzweni, mfupi, daktari wa dawa ya usingizi, na alikuwa amesoma ng'ambo. Siku yake ya kwanza katika chumba cha chai alikaa bila kujua kwenye kile kiti chenye mikono, na hakuna aliyemwambia. Nzioka aliingia, akasimama mbele yake, akangoja. Mutheu akampa mkono wa salamu bila kuinuka. Nadhani vita vilianza hapo, kabla ya hoja yoyote. Baada ya wiki chache akaja na ombi lake, sote tukiwa tumeshika vikombe.

“Daktari, naomba watu wako kila Alhamisi alasiri.”

“Wa nini?”

“Wajifunze kuzungumza.”

Nzioka alicheka hadi chai ikamwagika kwenye kisahani. “Hawa? Umewasikia sokoni? Hawa wanafaa wafundishwe kunyamaza.”

“Hata mgonjwa akivuja damu?”

“Hasa hapo.”

“Mikono yao ni kazi yako,” Mutheu alisema. “Umewafundisha vizuri, sina la kuongeza. Mimi nataka midomo na masikio.”

“Chukua. Na uanze na hiyo mdomo ya Kilonzo, haina kazi hapa.”

Mkuu wa hospitali alimruhusu Mutheu atumie stoo ya zamani ya nafaka. Ilinuka vumbi la ndengu na dawa ya kuua wadudu, na mwanga uliingia kwa dirisha moja lenye wavu. Mutheu alimshonesha fundi wa nguo mgonjwa wa gunia, mwenye kichwa, kifua na tumbo linalofunguka kwa vifungo. Ndani alipanga matumbo ya mbuzi kutoka buchari, na chini yake mfuko wenye maji mekundu uliounganishwa na mpira mrefu. Yeye alikaa nyuma ya meza akiushika mpira ule, akiamua mgonjwa avuje wapi na kwa kasi gani. Presha ya mgonjwa aliiandika kwa chaki ubaoni, akaifuta, akaandika nyingine ya chini zaidi. Tulimwita mgonjwa Gunia. Mutheu alitueleza kwamba marubani hufungiwa kwenye chumba kilichotengenezwa kama ndege, chumba kisichoruka, wakaharibiwa injini makusudi, ili ijulikane nani atasema nini na nani atamsikia. “Kukata na kushona mnajua,” alisema. “Nataka kujua kama mnaweza kujua kitu mkiwa wanne, na si kila mtu peke yake.” Sikumwelewa. Wewe pia kama hujaelewa, usijali, ngoja kidogo.

Alhamisi ya pili nilipewa kazi ya mpasuaji mkuu. Sista Syombua alikuwa kwenye vifaa, akiutazama ukuta wake, nami nikiutazama wangu. Muuguzi Kasyoka, mama mcheshi mwenye watoto wakubwa, alikuwa akizunguka kuleta vitu. Nzioka hakuja, lakini tulimsikia akipita nje akiuliza kwa sauti, “Gunia ameamkaje leo? Amekunywa uji?” Tulianza. Nilifungua, nikafunga mshipa niliotakiwa kuufunga, nikaridhika, nikaanza kushona. Chaki ilikuwa inashuka ubaoni nami sikugeuka. Kisha Mutheu akasimama, akafuta ubao wote, akasema, “Amekufa.”

Nililifungua tumbo tena. Nyuma ya utumbo, upande wa Sista Syombua, maji mekundu yalikuwa yamejaa hadi ukingoni.

“Nani aliona?” Mutheu aliuliza.

Nje kuku alikuwa akipiga kelele.

“Mimi niliona,” alisema Sista Syombua.

“Ulisema?”

“Nilisema.”

“Ulimwambia nani?”

“Nilisema.”

“Sista, ulimwambia nani?”

“Nilisema kuna damu huku. Kama watu wana masikio, mimi nifanye nini?”

Kasyoka akafunika mdomo. “Aii, Sista, mimi nilikusikia ukinong'ona. Nilidhani unaongea na Mungu.”

Wengine walicheka na Sista Syombua hakucheka. Alivua glavu moja baada ya nyingine, akazikunja vizuri. “Daktari Mutheu, mimi ni mama ya watu,” alisema. “Umeniweka kwa stoo ya mahindi nimwambie huyu, huyu hapa, nini? Nikimwongelesha mchana, jioni msichana wangu atanipa chakula akiangalia wapi?”

“Mwaitu, sikuombi uongee na mkweo,” Mutheu alisema, akimwita mama kwa Kikamba, kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwake. “Tukivaa barakoa hapa hakuna mkwe. Kuna mkataji, kuna mshikaji, kuna vifaa, kuna usingizi. Mwambie mkataji.”

“Jina la kazi halifuniki uso,” Sista Syombua alijibu, akatoka.

Hapa nataka utulie nami kidogo, maana ndipo somo lilipo. Gunia hakufa kwa sababu mtu hakujua. Mmoja wetu alijua, akalisema analolijua, na maneno yake yakatua katikati ya chumba kama barua isiyo na jina la mpokeaji. Mutheu alitupa mambo matatu, na kila Alhamisi aliyarudia hadi tukayachukia. Kwanza, mwite unayemwambia. Pili, aliyeitwa arudie alichosikia kwa mdomo wake, ili aliyesema ajue kimefika. Tatu, kuna neno moja, “simama”, ambalo yeyote aweza kulitumia, na likitamkwa mikono yote hukoma, hata ya mkubwa. Ni mambo mepesi. Mtoto anaweza kuyakariri. Lakini jaribu kuyafanya mbele ya mtu unayemwogopa au unayemheshimu, uone ulimi unavyogeuka jiwe.

Sista Syombua alirudi Alhamisi iliyofuata, akakaa kwenye gunia la ndengu karibu na mlango, akashona kitambaa. Iliyofuata alivaa barakoa. Alikuwa amepata njia yake mwenyewe. Hakunitazama usoni hata mara moja, alinitazama mikono. “Mkataji,” aliiambia mikono yangu, “upande wangu kuna damu.” Nami, nikiitazama mikono yake, nikarudia, “Upande wako kuna damu.” Jasho lilinitoka kama niliyekamatwa nikiiba. Mutheu aliandika presha ya juu ubaoni na hakusifu mtu.

Habari zilifika kwa wazee wa kanisa ambao walikuwa kamati ya hospitali, na sina shaka zilifika kwa miguu ya Nzioka. Walikutana katika chumba cha chai, nami nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao nikiosha vifaa, kwa hiyo nilisikia kila neno.

“Mama mzima anaongeleshwa na mkwe wake ndani ya stoo.”

“Kwa nini stoo?”

“Wanaigiza.”

“Wanaigiza nini?”

“Kifo.”

“Yesu wangu. Na matumbo ya mbuzi wanapeleka wapi?”

“Wanazika.”

“Wanazika nyama? Na njaa hii?”

Hilo la nyama ndilo lililotumaliza, nadhani, zaidi ya nthoni. Watu walikuwa wakipanga foleni ya msaada wa mahindi na sisi tulikuwa tukifukia matumbo yaliyolala siku nzima kwenye joto. Kamati iliamua mazoezi yakome mwisho wa mwezi. Nyumbani Mwikali aliniwekea sahani mezani kwa kishindo. “Wajomba wamekuja,” alisema. “Wameuliza kama nimeolewa na daktari ama na mchawi. Nimewaambia hata mimi nangojea kujua.” Na kwenye korido Nzioka alinisimamisha, akaninyooshea kola ya koti langu kama baba. “Bado Alhamisi mbili,” alisema. “Ukiingia tena hiyo stoo, nikiulizwa juu yako Nairobi nitasema ukweli, kwamba wewe ni mwigizaji. Chagua, kijana.” Niliingia Alhamisi zote mbili. Sikuwa shujaa. Gunia alikuwa amenifia mikononi huku mwenye habari akiwa amesimama karibu yangu, na nilitaka kujua kama nitaweza kuisikia habari ile siku mgonjwa atakapokuwa wa nyama na damu. Wauguzi waliacha kuniachia nafasi kwenye benchi. Nilikunywa chai nikiwa nimesimama, na siku nyingine birika lilikuwa tupu nilipofika, ingawa bado lilikuwa la moto.

Baada ya stoo kufungwa aliletwa Abdi, mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Garissa, aliyepigwa teke na ngamia wake mwenyewe asubuhi ile huko Kyuso. Ngozi yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Ndugu yake alisimama mlangoni akisoma dua yake huku Nzioka akiomba yetu, na Nzioka, nimpe haki yake, alingoja ndugu yule amalize kabla ya kusema Amina. Alifungua tumbo. Wengu ulikuwa umepasuka. Aliutoa kwa uzuri ambao hata leo nikifumba macho nauona, kila kidole kikijua njia. Mimi nilikuwa mshikaji, nikivuta ukingo wa jeraha kwa chuma ili aone. Sista Syombua alikuwa kwenye vifaa, Mutheu kichwani pa mgonjwa. Nzioka akaomba uzi wa kufungia.

“Mkataji,” Mutheu alisema, “presha inashuka.”

“Mimi naitwa Daktari Nzioka. Ongeza maji.”

“Nimeongeza. Bado inashuka.”

“Basi ongeza kunyamaza.”

Sista Syombua alishika uzi, hakuutoa. “Daktari,” alisema, “huku bado kuna damu.”

“Sista, uzi.”

Aliweka uzi mkononi mwa Nzioka, maana miaka yote hiyo mkono wake ulikuwa umezoea kutii kabla ya kichwa. Kisha macho yake yakashuka kwenye mikono yangu. Nilijua kinachokuja. Nilikuwa na muda wa kutosha kutamani asiseme.

“Mshikaji,” alisema, kwa sauti ya stoo, sauti kubwa. “Chini ya chuma chako, upande wa mgongo. Damu mpya. Inajaa.”

“Nimesikia,” nikasema. “Chini ya chuma changu, upande wa mgongo, damu mpya. Mkataji, simama.”

Sindano ilibaki hewani. Kasyoka, aliyekuwa amebeba chupa ya maji, aligeuka akatazama ukuta.

“Toa hicho chuma,” Nzioka alisema.

“Simama, Daktari.”

“Kilonzo. Nafunga. Toa.”

“Nikitoa hutaiona.”

Alinitazama juu ya barakoa. Sijawahi kutazamwa hivyo tena, hata na yule jirani yangu aliyesogeza kiti chake mazishini. Ndani ya macho yale niliiona Nairobi ikifungwa kama duka. Mkono wangu ulitetemeka na chuma kikatetemeka nao, lakini sikukitoa.

“Simama,” alisema Sista Syombua.

“Simama,” alisema Mutheu.

Aliweka sindano chini. Akaingiza mkono, akasogeza tumbo la chakula, na pale nyuma, mahali ambapo yeye kutoka upande wake asingeweza kupaona hata angekuwa na macho manne, mshipa mdogo ulikuwa umechomoka kwenye fundo lake. “Kibano,” alisema. Aliukamata mara moja, akaufunga, akangoja, akatazama tena. Presha ilianza kupanda. Hakusema neno jingine hadi ngozi iliposhonwa, na ile ndiyo siku pekee niliyoona kanuni yake ikimfunga yeye mwenyewe.

Alinikuta katika chumba cha chai. Alikaa kwenye kiti chake, akamimina chai vikombe viwili, akanisogezea kimoja. Ilikuwa mara ya kwanza.

“Atapona,” alisema.

“Ndiyo, Daktari.”

“Nimepasua watu hapa nikiwa peke yangu, taa ya mafuta, hakuna damu ya kuongeza, hakuna daktari wa usingizi wa kutoka ng'ambo. Hakuna mtu aliwahi kuniambia simama. Ningesimama nani angeendelea?” Alipuliza chai. “Wewe na mama mkwe wako mmeniambia mbele ya wauguzi. Kesho watasema nini nikiwaambia shika?”

“Na kama tusingesema?”

“Angekufa,” alisema, bila kusita, kama mtu anayetaja saa. “Na wewe ungekuwa mpasuaji.”

Alikunywa chai yake yote, akaondoka, na alitimiza neno lake. Nairobi hawakunichukua mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Mutheu alinitetea, lakini hakuwa mpasuaji, na neno lake halikufungua mlango ule. Sikupata kuwa mpasuaji kamwe. Nakwambia wazi ili usingoje sehemu ya hadithi ambapo haki inafika kwa kuchelewa. Nzioka hakunisalimu tena hadi kufa kwake. Nilimwona harusini, nilimwona kwenye mikutano ya madaktari, akanipita kama mlingoti. Sikumsamehe, na yeye hakuniomba. Ukoo wa mke wangu ulidai mbuzi kwa ajili ya lile neno nililosemeshwa mchana kweupe, nami nikampeleka mbuzi, na Sista Syombua akarudi kuingia kichakani kila tulipokutana njiani. Siku moja tu alimtuma Mwikali na ujumbe. “Mama amesema nikwambie,” Mwikali alisema akichambua ndengu, “eti chuma kilitetemeka lakini hakikutoka.” Akaongeza kutoka kwake mwenyewe, “Sijui ni kitu gani hicho, na msinieleze.”

Nilihamia Makueni, kwenye kituo cha afya karibu na Kathonzweni, na huko nilishonesha mgonjwa mwingine wa gunia. Safari hii sikutumia matumbo ya mbuzi, nilitumia vitambaa, kwa maana njaa ilikuwa imenifundisha. Kwanza walikuja wauguzi wangu tu. Kisha daktari mmoja kutoka hospitali kubwa akaja kucheka, akakaa, akarudi na wenzake. Nimetumia maisha yangu kuwafundisha wapasuaji kazi ambayo mimi sikuruhusiwa kuifanya. Wengine hunichukia siku ya kwanza, hasa wale wenye mikono mizuri, na huwa siwalaumu. Mikono mizuri humdanganya mwenyewe kwamba inaona. Nawapa chai, tunaanza tena. Wewe nawe ukikosea mara ya kwanza, na utakosea, usijione mjinga. Ulimi ni msuli kama mwingine, unazoezwa.

Kwa hiyo fanya hivi kesho. Kabla hujashika kisu, muulize kila aliye chumbani jina lake na kazi yake. Kisha mgeukie yule ambaye ni vigumu zaidi kwake kusema nawe, umwambie kwa sauti, “Ukiona jambo, niambie simama, nami nitasimama.” Ngoja ayarudie maneno hayo kwa mdomo wake mwenyewe. Akishayarudia, anza.